Gemu za mapigano na damu: ipi uanze kununua

Karibu kila gemu ya mapigano siku hizi ina damu, kwa hiyo damu haiwezi kuwa sababu ya kutoa pesa. Mimi natazama jambo moja: je, kila pigo linanidai nifikiri? Gemu unayoweza kuimaliza kwa kubonyezabonyeza kitufe kimoja utaichoka mapema, hata kama vichwa vinaruka kila dakika. Mpangilio huu unafuata kipimo hicho.

Ya kwanza ni Doom Eternal ya mwaka 2020, kutoka id Software. Ukiitazama tu kwenye skrini utadhani ni mashetani wanaopasuliwa basi. Shika padi ndipo utaelewa kwamba ukatili ule ndio stoo yako. Ukiishiwa risasi, unamfuata adui na kumpasua kwa msumeno wa mashine, na risasi zinamwagika kutoka kwake. Afya ikishuka, unampiga shetani mpaka alegee, kisha unammaliza kwa mikono na afya inapanda. Ukitaka deraya, unamwasha moto kwanza. Maana yake ni kwamba pale unapokaribia kufa ndipo unapotakiwa kusonga mbele, na wakati huohuo uchague haraka: nani wa kupasua, nani wa kuchoma, silaha ipi kwa nani. Sijaona gemu nyingine ya bunduki inayokufundisha kutojificha namna hii. Ina kasoro: sehemu za kurukaruka hewani zinakata mapigano yanapokolea, na adui aitwaye Marauder anakulazimisha usubiri afanye kosa ndipo umpige, jambo linalokera katika gemu iliyojengwa juu ya kasi. Kama unaanza, au pesa ni ya kubana, chukua Doom ya 2016. Ina mambo machache ya kukumbuka kwa wakati mmoja, na mapigano yake bado ni matamu.

Ya pili ni God of War ya 2018. Hapa kinachonunuliwa ni shoka. Unalirusha, linamgandisha adui mmoja, unaendelea kuwapiga wengine kwa ngumi na ngao, kisha unabonyeza kitufe cha pembetatu na shoka linarudi mkononi likimpitia yeyote aliye njiani. Mshindo wake unausikia mpaka kwenye viganja. Juu ya hayo, Kratos, mhusika unayemchezesha, ambaye gemu za awali zilimwonyesha akiua bila kujizuia sasa ana mtoto pembeni, Atreus, anayemtazama na kujifunza. Kila ukiua, unajua kuna anayeiga. Lalamiko langu ni yale majitu makubwa ya kupigana nayo, yanajirudiarudia mno. Diski ya PS4 iliyotumika hupatikana kwa urahisi, na inaingia kwenye PS5 yenye sehemu ya diski. Kwa mwenye PS4 pekee, hii ndiyo ningempa kabla ya Doom.

Mwenye kompyuta dhaifu asikate tamaa. Hotline Miami ya 2012 haifiki hata GB 1, inatazamwa kutoka juu, na michoro yake ni ya zamani kwa makusudi. Pigo moja unakufa, pigo moja unaua, unaanza tena papo hapo. Ukimaliza hatua, muziki unakatika ghafla na unatembea kurudi kwenye gari ukipita katikati ya maiti uliowaacha. Gemu chache zimenikalisha kimya kama hiyo. Sleeping Dogs nayo isikupite: unacheza kama askari kanzu ndani ya genge la Hong Kong, na kwa muda mrefu unategemea ngumi, mateke na vitu vilivyo karibu nawe kuliko bunduki. Kwa anayependa kuzurura mjini na kupigana mkono kwa mkono, naiweka juu ya GTA V (Grand Theft Auto V). GTA V ni kubwa na inachekesha, lakini ufyatuaji wake ni wa kawaida. Inunue kwa ajili ya mji wa Los Santos.

The Last of Us Part II inanipa shida kuipanga. Maadui wanaitana kwa majina. Ukimuua mmoja, mwenzake analia kwa kulitaja jina lake. Ni kazi ya hali ya juu, lakini ni nzito, na mtu anayetaka kupumzisha akili baada ya kazi asiinunue. Toleo la PS4 lina diski mbili, kwa hiyo ukinunua iliyotumika fungua kasha uhakikishe zote zimo.

Mortal Kombat 11 ni ya watu wawili kwenye kochi moja. Ukicheza peke yako inachosha, na baadhi ya sehemu zake zinadai intaneti.

Call of Duty naiweka mwisho, hasa kwa anayetegemea bando. Toleo lake la Modern Warfare la 2019 lilivimba mpaka kupita GB 200, na mwaka uliofuata tayari kulikuwa na nyingine ya kununua.

Mzazi unayenunulia kijana, tazama namba kwenye kasha. Zote hizi zina alama ya PEGI 18, ya mfumo wa Ulaya, yaani ni za umri wa miaka 18 na kuendelea, na mimi nakubaliana nayo kwa kila moja. Mfumo wa alama wa Marekani, ESRB, ulianzishwa mwaka 1994 baada ya Mortal Kombat ya kwanza kufikishwa mbele ya Baraza la Seneti, na ile ilikuwa na damu kidogo sana kuliko hizi. Kwa wanunuzi wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta: ukiona gemu haikufai, unaweza kuomba pesa irudi ndani ya siku 14 tangu kununua, ilimradi hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa Doom, saa moja inatosha kujua kama ni yako.