Ofisi ya madalali Mbeya: nyumba kwanza, karatasi baadaye

Anayetafuta nyumba ya kununua jijini Mbeya, awe anaitaka Forest, Isyesye au Uyole, ni vigumu kumkwepa dalali, kwa sababu nyumba zinazouzwa hazitangazwi ukutani. Kinachoandikwa ukutani kwa rangi ni "Nyumba hii haiuzwi". Ofisi ninayoizungumzia iko upande wa Mwanjelwa. Hutoza ada ya kuonyeshwa kila mnapotoka, uipende nyumba usiipende, na biashara ikikamilika hudai asilimia 10 ya bei.

Katika kuonyesha, vijana wake ni hodari na mitaa wanaijua, ingawa wanachokiita "nyumba ya kisasa" kinahitaji moyo. Nyumba moja kwenye mteremko chini ya mlima Loleza ina geti lililo usawa wa bati, hivyo mgeni hushuka ngazi kama anayeingia kisimani. Nyingine, huko Uyole, ilijengwa kwa awamu kadiri fedha zilivyopatikana. Jiko lilikuja mwisho, na njia pekee ya kulifikia ni kupita chumbani kwa wazazi. Iliyonishangaza zaidi ilikuwa na makaburi mawili uani, yamejengewa vizuri kwa vigae. "Hao ni wazee tu, bosi, hawana neno," alisema dalali. Bei haikuwa imepunguzwa hata kidogo, na familia ilikuwa na sharti kwamba mama yao, ambaye ndiye aliyetukaribisha chai, siku yake ikifika naye atazikwa hapo hapo.

Hayo yote yangevumilika. Kasoro kubwa ya huduma hii ni kwamba nyaraka hutolewa mwisho, baada ya mteja kulipa ada, kupatana bei na kuanza kupanga samani kichwani. Nyumba yenye fremu za maduka kando ya barabara kuu iendayo Tunduma ilielezwa kuwa "ina kila kitu". Tuliporudi ofisini, kila kitu kikawa ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, bila hati miliki wala barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na fremu zile zilikuwa ndani kabisa ya kipimo hicho. Ukuta wake ulipakwa rangi mpya sehemu moja tu, na alama nyekundu ya X, ya jengo linalotakiwa kubomolewa, bado ilisomeka chini yake.

Muuzaji mwingine alikuwa na hati, lakini mkewe, tuliyeambiwa yuko Kyela, hakupatikana kutoa ridhaa, ilhali Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Nilipoomba muda wa kufanya upekuzi wa umiliki kwa msajili wa hati, dalali alinuna na kusema kuna mteja wa Tunduma anayekuja kesho na fedha taslimu. Mteja huyo wa Tunduma, nimegundua, huja kwa kila nyumba.

Kwa anayetafuta chumba cha kupanga, ofisi hii inafaa. Kwa mnunuzi, aombe nakala ya hati kabla ya kupanda bajaji, na wakikataa asitoe ada, maana hairudishwi.