Uzoefu wangu: OpenWrt kwenye ruta za mtumba zenye prosesa ya MIPS

Nina ruta mbili za mtumba, zote nimefuta programu ya kiwandani na kuweka OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta. Moja ina chipu ya QCA9533, nyingine MT7628. Muuzaji atakuambia zote ni MIPS, yaani za familia moja ya prosesa, na hajakosea. Ila programu ya moja haikubali kwenye nyingine hata uibembeleze vipi.

Tatizo ni mpangilio wa baiti, vile vipande vinavyounda namba. QCA9533 hutanguliza baiti kubwa ya namba. MT7628 hutanguliza ndogo, sawa na laptopu za Intel. Ndiyo maana OpenWrt ina vifurushi vya programu vya mips_24kc kwa ya kwanza na vya mipsel_24kc kwa ya pili. Ukichanganya, huambiwi kwamba prosesa siyo. Shell (programu inayopokea amri unazoandika) ikishindwa kulitambua faili hulisoma kama skripti, yaani orodha ya amri za maandishi, halafu inalalamika kuwa mstari wa kwanza una makosa ya uandishi. Unaweza kukesha ukitafuta kosa ambalo halipo.

Kijiprogramu changu cha C cha kuhesabu matumizi ya bando kilikompailika vizuri kwa zote mbili. Kasheshe ilikuwa kwenye faili la hesabu nililohamisha kutoka laptopu: palipoandikwa 1, QCA9533 ilisoma 16777216. MB moja ikawa zaidi ya milioni kumi na sita! Sasa hesabu nazihifadhi kama maandishi ya kawaida, na kila ruta inazisoma sawa.

Wanaotumia lugha ya programu ya Go wajue pia kwamba chipu hizi hazina kitengo cha hesabu za desimali. Kompaili kwa mpangilio wa GOMIPS=softfloat, la sivyo programu inakufa ikigusa tu hesabu ya aina hiyo.

Kwa kazi ya nyumbani sina neno: kugawa intaneti, ukuta wa moto, kumbana anayemaliza bando kwa video, vyote vinakwenda. VPN ndiyo inazichosha. Na hii ni familia ya prosesa iliyoendesha PlayStation ya kwanza mwaka 1994! Kampuni ya MIPS yenyewe ilitangaza kuhamia RISC-V, muundo mwingine wa prosesa ulio huria, mwaka 2021, lakini ruta za bei rahisi bado zimejaa chipu hizi.

Kabla hujalipa, igeuze ruta usome toleo kwenye lebo, maana modeli yenye jina lilelile huweza kubadilishwa chipu kati ya toleo na toleo. Ukikuta flashi (hifadhi ya kudumu) ya MB 4 na RAM ya MB 32, irudishe mezani: kwa ruta za hivyo OpenWrt iliishia toleo la 19.07.