Nati imegoma: ununue nini kufungulia boti kuukuu

Boti ya tanga iliyozeekea baharini, ukiileta bwawa la Mtera kwa lori, inakuja na chumvi yake ndani ya kila boliti. Bwawa ni la maji baridi, sawa, lakini kutu ilishakaa. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana nati inabana. Kabla hujakata kitu, pita maduka ya spea Dodoma mjini. Mimi napanga hivi.

Namba moja ni mafuta ya kupenya, yale ya kopo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Puliza, gonga kichwa cha boliti kwa nyundo, acha. Rudia asubuhi na jioni siku mbili tatu. Anayepuliza na kuvuta spana papo hapo amemwaga hela yake.

Namba mbili: asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Yanapenya vizuri sana, ila hayashikani, kwa hiyo tikisa kila unapotumia. Nimeyashusha kwa sababu asetoni inashika moto upesi na inaharibu rangi na plastiki. Kwenye boti ya faiba dondoshea tone tone.

WD-40 ya kawaida naiweka ya tatu, ingawa ndiyo iliyojaa madukani. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Kutu nyepesi itaiweza. Usukani ulioganda miaka, hapana.

Mafuta ya taa ni ya mwisho, lakini kwa kapi ndogo zinazovuliwa, zilaze kwenye ndoo usiku kucha.

Mlingoti wa alumini wenye boliti za stenlesi ni shauri lingine kabisa. Hapo utaona unga mweupe, si kutu nyekundu, na mafuta peke yake husaidia kidogo. Mimina maji yanayochemka: alumini hutanuka kuliko stenlesi, tundu linalegea. Tafadhali usipeleke moto wa gesi karibu na faiba.

Hela ikiwa ya kitu kimoja tu, acha makopo yote, nunua boksi ya pembe sita, yaani kichwa cha spana kinachovishwa juu ya nati. Ya pembe kumi na mbili hushika ncha tu, na nati ikishaliwa kichwa umebaki na msumeno.

Wakati wa kurudishia, paka grisi kwenye uzi wa boliti. Kwenye alumini usitumie ile ya shaba, maana shaba huila alumini.