Soko la Darajani Unguja: nimeenda kama mtalii wa ndani, haya ndo maoni yangu

Wale mnaopanga kwenda Zanzibar someni hii kabla hamjapigwa bei kwenye pakiti za viungo. Mimi natokea Mwanza, tulienda na mume wangu na wifi yangu tukafikia gesti moja Mji Mkongwe yenye jiko, na hilo jiko ndo lilifanya Darajani tuifaidi. Lile soko ni la wenyeji jamani, watu wanakuja kutafuta mchuzi wa leo, sasa ukienda kutafuta zawadi tu utaishia pale mbele kwenye meza za viungo vya kupigia picha, utalipa hela ndefu, utatoka baada ya dakika kumi unalalamika ooh soko chafu, ooh watu wengi. Ukienda na kikapu huku mnabishana leo tunapika nini, asubuhi yote inaisha humo humo.

Kufika hakuna shida, ukishuka kwenye boti pale Malindi hata kwa mguu unafika, muulize mtu yeyote. Jengo lenyewe la zamani ni la mwaka 1904, enzi za Sultani Ali bin Hamoud, wazee bado wanaliita Marikiti, na ile barabara ya mbele yenye kelele zote za Vespa na daladala eti zamani palikuwa na mkono wa bahari, Ng'ambo kule na Mji Mkongwe huku, ukafukiwa. Sasa hivi biashara imemwagika nje ya jengo kila upande kwahiyo usitegemee kukuta kibao kinachokwambia kuku huku mchele kule, fuata pua tu.

Anzeni na samaki na muende mapema. Sisi wa kanda ya ziwa tunajiona tunajua samaki lakini ukitoa sato, sangara na dagaa tumeishia hapo, pale nlikuta changu, kolekole, nguru, taa kapanuka sakafuni, papa, ngisi, pweza, na jodari aliyekatwa vipande nyama nyekundu ukiiona haraka unasema ng'ombe. Mnada unaendeshwa kwa mdomo, samaki wanawekwa chini mnadi anataja bei watu wanapandisha, na wanaonunua wengi ni wachuuzi wanaojuana kwahiyo mgeni utaona mtu kaguna tu mara fungu limeshaondoka. Msijitie kunadi! Simameni pembeni muangalie, afu mkanunue kwa wale wenye meza. Fungua mashavu ya samaki uone kama ni mekundu, angalia na macho yawe yanang'aa, na hakuna anayekununia ukifanya hivo. Wapo vijana wa kupara samaki hapo hapo unawapa hela kidogo wanakutolea magamba na matumbo, wifi yangu alifurahi hilo kuliko kitu chochote safari nzima. Pweza naye, mama mmoja aliyekuwa ananunua pembeni yetu alitupa somo bure, "mpigeni hasa kabla hamjamtia chunguni, mwanangu, msipompiga mtatafuna mpaka magharibi." Tulimpiga kwa mchi wa gesti. Alilainika.

Upande wa nyama na kuku napita haraka, kama una roho nyepesi usiingie, vichwa vya ng'ombe vipo wazi na sakafu inateleza. Vaa viatu vya kufunika, ndala utajuta.

Sasa viungo, hapa ndo watu wanaliwa. Kuna wale jamaa wa kukuongoza, wenyeji wanawaita mapapasi, anakusalimia vizuri anakwambia twende kwa mjomba wangu ana iliki safi, na mjomba kweli anakuwa na iliki ila kamisheni ya papasi ishaingia kwenye bei yako. Ukimwambia asante kaka tunajua tunakoenda, mara ya pili au ya tatu anaondoka, hawana ugomvi. Mzungu aliyekuwa mbele yetu alitajiwa dola kwa kikapu kidogo cha pakiti pakiti, mume wangu akauliza kikapu hicho hicho akatajiwa shilingi na ikawa chini ya nusu, na hata hiyo hatukuchukua maana vitu vya unga vya pakiti hujui vimesagwa lini.

Ingieni ndani kwa wanaopima kwenye mizani, nunueni vizima. Tulikaa kwa mzee mmoja ana kofia yake na redio, nkamwamkia shkamoo, akaniuliza natokea wapi, ndo akaanza kutufundisha. Karafuu, ambayo nyingi inatoka Pemba, chagua yenye vichwa vyake havijakatika, bonyeza kwa ukucha ikitoa mafuta hiyo nzima, ikiwa kavu kabisa ishachoka. Vanila iwe laini inapinda, ikiwa kama kijiti kikavu iache. Kungumanga chukua na ganda lake, na lile vazi lake jekundu ndo basibasi, unalinunua kivyake. Halafu nikaulizia zafarani, maana kila meza nje walikuwa wananitajia zafarani ya Zanzibar, rahisi, pakiti kubwa. Mzee akacheka. "Bibie, hapa petu hailimwi hiyo, ya kweli yatoka Irani na huko, na haiuzwi kwa makonzi. Hiyo ya nje rangi tu ya wali, ukitaka rangi chukua manjano ntakupimia." Anasema ukitia kwenye maji ya kweli inatoa rangi polepole na nyuzi zinabaki nyekundu, ya uongo maji yanabadilika hapo hapo na nyuzi zinapauka. Mtu aliyekataa kuniuzia kitu ndo nilimwachia hela nyingi kuliko wote, na sikuomba hata punguzo, ingawa kwengine kote punguzo ombeni, kwa utani na taratibu, ukipiga kelele za Kariakoo wanakuangalia tu.

Matunda inategemea msimu. Shokishoki tulikuta, watamu, tulikula tukitembea. Doriani pia alikuwepo na wifi akamnunua, ila hoteli nyingi haziruhusu kwa ajili ya harufu kwahiyo kama hamna gesti ya kuelewana nayo mleni hapo hapo nje. Mabungo mkiyapata tengenezeni juisi.

Mambo ya adabu: Funikeni mabega na magoti, ni mji wa Waislamu na hawatakwambia kitu lakini utajisikia mwenyewe. Picha omba kwanza, hasa kwa akina mama. Ijumaa mchana watu wanaenda msikitini maduka mengi yanafungwa kwahiyo nendeni asubuhi au siku nyingine, na Ramadhani usile hadharani mchana, ila jioni ya Ramadhani kabla ya futari naambiwa ndo soko linachemka, mihogo, majimbi, ndizi, watu hawapiti. Lile kanisa la Mkunazini lilipojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 lipo karibu sana na hapo, wengi wanaunganisha, ila mimi ningewashauri mlipe siku yake. Sio mahali pa kuingia umeshika mfuko wa ngisi.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya mapapasi na maji machafu ya upande wa samaki, ikifika saa sita jua limewaka na barafu hakuna pua yako inajua. Usafi wakiushughulikia naongeza.

Mfuko bebeni wenyewe maana plastiki ni marufuku, au nunueni mkoba wa ukili hapo hapo, sisi tulichukua mmoja mpaka leo naendea nao soko la Kirumba na watu wananiuliza. Na bebeni chenji, ukitoa noti ya elfu kumi kwa ndimu za mia tano utasimamishwa hapo mpaka muuzaji azunguke meza zote za jirani.