Rhodes, Ugiriki: matembezi ya Mji Mkongwe, nyota nne

Nililipa yuro 25 kwa matembezi ya saa mbili na nusu, na karibu nusu saa ilikwishia bandarini Mandraki, mbele ya nguzo mbili zenye sanamu za kulungu. Watu wote wanataka kusikia habari za lile sanamu la jitu la shaba alilolijenga Chares wa Lindos, lililokamilika mnamo 280 kabla ya Kristo na kuangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 226 kabla ya Kristo. Sawa, lakini halikubaki kipande, na jua la Julai lilitukaanga. Ningefupisha hapo.

Mtaa wa Mashujaa ni habari nyingine kabisa. Watawa-askari wa Mtakatifu Yohane walihamia kisiwani kuanzia 1309, wakatawala mpaka Sultani Suleiman wa Uturuki alipouzingira mji na kuwashinda mwaka 1522. Walijipanga kwa lugha zao, kila lugha na nyumba yake: hii ya Waitalia, ile ya Wafaransa, pale Wahispania. Ngao zao zimechongwa juu ya milango na bado zinasomeka. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alituambia bila kuficha kwamba kasri lililo juu ya mtaa lililipuka kwa baruti mwaka 1856, na kwamba hili tunalolipiga picha lilijengwa upya na Waitalia walipokuwa wakitawala kisiwa. Nilimheshimu kwa hilo. Vaeni viatu vya soli nene, maana njia nzima ni kokoto zilizosimamishwa wima.

Kisha tukafika mtaa wa Wayahudi, nao ukapewa dakika kumi. Chemchemi yenye samaki-farasi, mnara wa mawe meusi wa kuwakumbuka waliopelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwezi Julai 1944, kwaherini, asanteni. Niliumia, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Wayahudi wengi wa Rhodes walihamia Kongo kabla ya vita, na babu yangu alipima vitambaa katika duka la mmoja wao enzi mji wetu ukiitwa Elisabethville. Nyumbani tuliimba jina la kisiwa hiki kabla sijakiona kwenye ramani.

Kwa hiyo kikundi kilipoachana nilirudi peke yangu hadi Kahal Shalom, sinagogi ya 1577, iliyo kongwe kuliko zote zinazotumika Ugiriki. Sakafu ni kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa mapambo, na mlango wa uani umewekwa kati ya makabati mawili ya Torati. Jumba la makumbusho limeungana nayo. Hakuna aliyenikimbiza, nilikaa saa nzima, na hiyo ndiyo saa ninayowashauri mjitengee, kabla au baada ya matembezi.

Ukutani kuna kibao cha majina ya familia zilizoangamizwa. Niliyasoma moja moja kwa kidole. Nilipofika kwenye jina la tajiri wa babu nikampigia mama simu Lubumbashi, nikamsomea herufi kwa herufi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, «Limeandikwa vizuri?»

Limeandikwa vizuri, mama.