Uzoefu wangu: kliniki ya miguu, hogo, na kidonda cha kisukari kilichopona

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 56, na huu ni mwaka wa 13 naishi na kisukari. Nakaa Mbagala. Naandika kuhusu huduma niliyopata kwenye kliniki ya miguu ya wagonjwa wa kisukari hapa Dar es Salaam, kwa sababu nilipoambiwa nitafungwa hogo, yaani plasta ngumu ya mguuni, nilihangaika kumtafuta mtu aliyewahi kufungwa kwa ajili ya kidonda, sikumpata, na nusura nikatae.

Kidonda changu kilianza na sugu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miaka yote nimeikanyaga kwa mguu wa kulia, peku au na kandambili. Chini ya kidole gumba, pale unyayo unapobeba uzito, pakaota sugu ngumu. Haikuniuma hata siku moja, nami nikadhani kutoumwa ndiyo uzima, kumbe miguu ilishakufa ganzi zamani. Siku moja nilikuwa nadeki, nikaona alama za majimaji sakafuni kila nilipopita. Nikageuza unyayo. Sugu ilikuwa imepasuka katikati na chini yake kuna tundu.

Hapo nikapoteza siku 12, na hizo ndizo ninazozijutia kuliko zote. Duka la dawa waliniuzia vidonge na kunishauri nikande mguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Nikakanda, na yale maji yakaniunguza kisigino bila mimi kusikia. Jirani akaniletea unga wa mizizi, nikapaka. Zahanati niliyokwenda waliniandikia dawa bila kufungua kitambaa. Siku ya 12 mguu ulivimba mpaka kifundoni, ngozi ikawa inang'aa na ina joto, kidonda kinatoa usaha na harufu. Nilikuwa na homa, na sukari ilisoma 22, juu mno. Mwanangu wa kwanza akanibeba kwenye bajaji.

Kule kliniki, nesi hakuanza na faili. Alinivua viatu vyote viwili, akaingiza mkono ndani ya kile cha kushoto, ambacho nilijua hakina tatizo, akatoka na pini ya kushonea iliyokuwa imechoma soli. Nilikuwa nimetembea nayo sijui tangu lini. Kisha akaniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nikisikia ananigusa. Alikuwa na kiuzi kigumu kama mshipi wa kuvulia samaki, unaugandamiza kwenye ngozi mpaka unapinda. Unapinda ukigandamizwa kwa uzito wa gramu 10 tu. Nikakaa nimefumba, nasubiri. Nikamuuliza, "Mwanangu, utaanza saa ngapi?" Akanijibu taratibu, "Mama, nimeshamaliza." Nililia palepale kwenye kiti.

Akaniuliza pia kama nyumbani kuna panya. Nilishangaa, akanieleza kwamba wamewahi kupokea watu waliong'atwa vidole na panya usiku wakiwa usingizini wasiamke, kwa sababu ya ganzi hiyohiyo. Tangu siku hiyo nalala na soksi na chandarua nimekichomeka chini ya godoro.

Daktari alipapasa mishipa miwili ya mguuni kuona kama damu inafika, mmoja upande wa juu wa unyayo na mwingine nyuma ya kifundo. Ilikuwa inapiga vizuri. Alisema bila damu hata dawa haifiki kwenye kidonda. Akachokonoa tundu kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa kuona kama kitagonga mfupa, hakikugonga, na picha ya eksirei haikuonyesha mfupa ulioharibika. Kama mfupa ungekuwa umeingiliwa na maambukizi, dawa ningezitumia wiki 6 hivi badala ya 2, au kipande cha mfupa kingeondolewa. Halafu akakata sugu yote na nyama iliyokufa mpaka akafika penye damu nyekundu. Kidonda kilionekana kikubwa mara tatu, na mwanangu akashtuka akidhani nimeharibiwa. Hakuna aliyemtayarisha, na hilo naliona ni kasoro: ndugu waambiwe mapema kwamba kidonda lazima kionekane kikubwa kwanza. Nyama ya ndani ilipelekwa maabara ili waoteshe vijidudu na kujua dawa gani inaviua.

Nililazwa siku 6 kwa sindano na dripu. Nilianzishwa insulini, niliyoikwepa miaka mingi nikiamini ukiichoma umefika mwisho. Sukari iliposhuka, harufu ya kidonda nayo ikaisha.

Uvimbe ulipokwisha ndipo likaja suala la hogo, lilelile la waliovunjika. Nilisema mimi sijavunjika. Nesi akaniuliza kwa siku nakwenda mara ngapi jikoni, chooni, dukani. "Kila hatua, mama, unakikanyaga kidonda. Mtu mwenye maumivu angechechemea, akakipumzisha. Wewe huchechemei." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali. Hogo husambaza uzito kwenye unyayo wote na ugoko, ile sehemu moja isibebe peke yake. Na kwa kuwa halivuliki, hata ukisahau linakulinda. Hawamfungi mtu ambaye maambukizi bado yamechachamaa au damu haifiki vizuri mguuni, kwa hiyo mtu asije akafungwa mtaani kwa kuwa amenisoma mimi.

La kwanza walilibadilisha baada ya siku 3, yaliyofuata kila wiki. Ni zito, lina joto la Dar, na kulala nalo si raha. Mguu mwingine unabaki mfupi, kiuno kinauma. Waliniongezea soli kwenye kiatu cha kushoto wiki ya tatu, wakati ingefaa iwe siku ileile. Lakini kila lilipofunguliwa nilikuta tundu limepungua. Wiki ya 9 ngozi ilifunga.

Wauguzi na madaktari wa hapo wanafanya kazi kama jozi, hakuna anayesubiri mwingine aandike. Nesi aliniambia waliowafundisha walipitia mradi wa huduma ya miguu ya wenye kisukari uitwao Step by Step, ulioanza Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao uliwafundisha daktari na nesi wake pamoja. Kwangu hilo lilionekana wazi kuliko kifaa chochote.

Foleni ni ndefu mno, na gozi za kufungia kidonda mara nyingine nilinunua mwenyewe. Hata hivyo hasara yangu kubwa haikuwa dawa. Ilikuwa wiki 11 bila kushona, zikiwemo za kuelekea Idi.

Waliniambia pia ukweli ambao sikutaka kuusikia: katika watu 10 waliopona kidonda kama hiki, karibu 4 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kila usiku naweka kioo sakafuni na kuangalia nyayo zote mbili, na mjukuu wangu anachungulia katikati ya vidole. Sitembei peku hata ndani. Cherehani nimeifunga mota. Kila mwezi narudi wanichonge sugu kabla haijawa ngumu.

Ukienda, fika kabla ya saa 1 asubuhi, chukua viatu vyote unavyovivaa nyumbani wavikague, na vaa gauni au suruali pana, nyembamba haipiti juu ya hogo. Kidonda usikipake kitu njiani. Kifunike kwa kitambaa safi tu.