Mwaka mmoja na Linux Mint na LibreOffice katika steshenari yangu ya Busia

Steshenari yangu iko Busia, upande wa Uganda, dakika tano kwa miguu kutoka mpakani. Nachapa barua, mitihani ya shule, ankara za wenye malori, maombi ya kazi na programu za mazishi. Ukurasa wa kuchapa ni shilingi 1,000, fotokopi ni 200. Wateja wangu ni Wasamia, Waganda, Wakenya wa ng'ambo ya pili na madereva wanaotoka hadi Dar, na karibu wote wakiingia mlangoni wananisemesha kwa Kiswahili.

Kwa mwaka mzima sasa kazi hizi nazifanya kwa programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzigawa bila kununua leseni. Mfumo wa laptopu ni Linux Mint 22, maandishi na hesabu ni LibreOffice 24.2, picha ni GIMP 2.10. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye maduka kama langu, kwa sababu kabla sijabadilisha nilimtafuta mtu wa kunieleza ukweli wa kazi ya kila siku na sikumpata. Niliowasikia ama walikuwa wanasifu tu, ama wanaponda tu.

Kwanza, kwa nini nilibadilisha. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne. Ilikuja na programu ya kuchapia ambayo, kumbe, ilikuwa imefunguliwa kwa njia ya wizi. Asubuhi moja ikagoma, na aliyeniuzia hakupokea simu tena. Fundi ninayemwamini akaja, akaitazama, akaniambia: "Mama, naweza kukuvunjia kufuli upya, lakini utanipigia tena baada ya miezi miwili. Halafu Windows 10 mwisho wake ni tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiingii hapa, inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu." Alikuwa na Mint kwenye flashi. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo kulipakua mwenyewe kungenimalizia bando. Akaiwasha kutoka kwenye hiyo hiyo flashi, nikaitumia nusu saa bila diski yangu kuguswa. Kuonja kabla ya kuamua ni jambo ambalo sijaliona kwenye kitu chochote kingine ninachonunua kwa ajili ya duka.

Kuhusu Mint yenyewe sina mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, mafolda yako pale unapoyategemea. Binti anayenisaidia aliizoea siku hiyo hiyo bila kufundishwa. Kitu kimoja tu nitakieleza kwa kirefu. Wateja wetu huleta flashi zenye kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha vinjia-mkato (shortcut) mahali pake. Zamani flashi ya namna hiyo ikiingia dukani, kila flashi iliyofuata ilitoka nayo. Juzi mwalimu mmoja alikuja karibu analia, mitihani ya muhula mzima haionekani. Tuliichomeka kwenye Mint, na mafolda yakaonekana yote, kwa sababu Linux haijali ile alama ya "ficha" ambayo kirusi kimeyawekea. Vile vinjia-mkato navyo vilikaa tu pale kama faili lisilo na kazi. Tukanakili mitihani, tukaisafisha flashi, mwalimu akaenda zake.

Sasa LibreOffice, maana ndiyo inayonilisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, na nimefikiria sana ugumu ulitoka wapi. Uwezo haukupungua. Karibu kila kitu nilichokitaka kilikuwamo, ila kilikuwa kimefichwa mahali ambapo mgeni hapiti. Ukihifadhi kazi, kwa kawaida yake inahifadhi kwa muundo wa ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006 na ni muundo mzuri. Lakini mteja wangu anatuma barua kwa WhatsApp kwenda kwa mkuu wa shule mwenye simu ya bei nafuu, na simu hiyo haijui faili la odt, yaani la muundo huo, ni kitu gani. Siku mbili nzima wateja walirudi. "Dada, faili lako halifunguki." Kwa mfanyabiashara wa mpakani maneno hayo yanauma, kwa sababu duka la jirani liko hatua kumi. Dawa ilikuwapo: unaingia menyu ya Tools, unafungua Options, sehemu ya kupakia na kuhifadhi, unaiambia ihifadhi kwa muundo wa Word kila mara. Dakika moja, imekwisha. Kwa nini hawakuniuliza swali hilo siku ya kwanza?

Mpangilio wa vitufe ni hivyo hivyo. Ukiifungua mara ya kwanza unakuta safu za vitufe vidogo vidogo kama programu za miaka ya 2000. Yule binti anayenisaidia alisoma kompyuta shuleni kwa ile Office yenye vichupo vikubwa juu, na hapa alipotea kabisa. Miezi mitatu baadaye ndipo nikagundua kwamba kwenye menyu ya View kuna mahali pa kuchagua sura ya programu, na mojawapo ni ya vichupo. Tulipoibadilisha, kasi yake ya kuchapa mitihani ilirudi wiki hiyo hiyo. Miezi mitatu! Wanaotengeneza programu hizi wanajua kila kitu kilipo kwa sababu wao ndio waliokiweka. Mimi sijui hata kama kipo, sasa nitakitafutaje?

Fonti nazo zina somo lake. Mteja akileta barua ya Times New Roman au Calibri, LibreOffice inaweka Liberation Serif au Carlito mahali pake. Fonti hizo zimechongwa herufi zikiwa na upana ule ule, kwa hiyo mistari haihami. Hilo limefanywa kwa akili sana, na wateja wengi hawatambui tofauti. Tatizo limeanza tangu Microsoft waweke Aptos kuwa fonti ya kawaida kwenye Office yao mpya. Kwangu haina pacha. Zabuni moja ya kurasa 18 ilifunguka ikiwa 19, na mahali pa sahihi pakabaki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho, kama mtu aliyeachwa na basi. Niliiona kabla ya kuprinti, nashukuru Mungu. Tangu siku hiyo nina sheria ukutani: kama kazi ni ya kuprinti tu, leta PDF, kama ni ya kurekebisha, leta Word na ukae nami tuitazame pamoja.

Kwa PDF, hapa LibreOffice naipenda waziwazi. Kuna kitufe kimoja juu, unabofya, PDF imetoka. Na fomu za PDF ambazo watu huleta wakitaka jina libadilishwe au tarehe irekebishwe, nazifungua kwenye Draw, sehemu ya kuchora ya LibreOffice, nabofya maandishi yenyewe, narekebisha. Huduma hiyo zamani niliikataa.

Walimu wa Kiswahili ndio walionifurahisha zaidi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili hapa Uganda, na mitihani yake huja kwangu. Zamani nilikuwa nachapa ukurasa mzima ukiwa mwekundu kama damu, maana kompyuta iliona kila neno la Kiswahili ni kosa la Kiingereza. Macho yanazoea ule wekundu, halafu makosa ya kweli yanapita. Sasa nabofya jina la lugha chini ya dirisha, nachagua Kiswahili cha Tanzania, na kamusi inafanya kazi. Si kamilifu. Kitenzi kilichobeba viambishi vingi, kama "hatukuwasomeshea", mara nyingi inakipigia mstari ingawa ni sahihi. Lakini ukiandika "kitbau" inakukamata, na mimi nataka hilo tu. Fundi aliiongeza kwa dakika chache. Aliniambia jambo hili lina historia: mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ni tawi lililochipuka kutoka OpenOffice hiyo mwaka 2010. Nilikaa kimya nilipolisikia. Kwa hiyo kuna watu walikwisha kunifikiria zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla sijamiliki hata kibodi.

Calc, sehemu ya hesabu ya LibreOffice, inanitosha kwa hesabu za duka na madeni. Mhasibu mmoja aliniletea faili la Excel lenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili zijifanyie kazi zenyewe, vitufe vyake vikakataa kufanya kazi, nikampeleka kwa jirani. Kama kazi yako ni ya makro, usihamie.

GIMP nitaieleza kwa usiku mmoja. Ilikuwa saa tatu, familia imefiwa na mzee wao, maziko ni kesho saa saba. Kijana mkubwa alileta picha pekee waliyokuwa nayo, ndogo, imekunjwa katikati kwa sababu mzee aliibeba kwenye pochi. Nikaiskani. Kuufuta ule mkunjo GIMP ilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia: kuna zana ya kuponya, unachukua ngozi iliyo nzima karibu na mkunjo, unaipaka taratibu juu yake, na uso unarudi. Mama yao alisimama nyuma yangu. Jicho la kushoto lilipotokea, alisema jina la mumewe kwa sauti ya chini.

Halafu wakataka picha iwekwe ndani ya duara refu kama yai, lenye mstari mweusi kuzunguka. Hapo niliteseka. Kwenye GIMP ninayotumia hakuna zana ya kuchora duara. Unachagua eneo kwa umbo la yai, kisha unatafuta kwenye menyu amri ya kupaka mstari kwenye ukingo wa ulichochagua. Anayeijua anaifanya kwa sekunde tano. Mimi ilinichukua dakika ishirini na tano, na watu waliofiwa wamesimama. Nilipomaliza nikabofya kuhifadhi, nikamtumia ndugu yao aliyeko Jinja aithibitishe. Akajibu kwamba faili halifunguki. GIMP ukiiambia ihifadhi, inahifadhi kwa muundo wake wa XCF peke yake. Ukitaka JPG lazima utumie amri nyingine, ya kusafirisha. Wenyewe wana sababu: XCF inatunza matabaka yote ya kazi yako, JPG inayapoteza. Nimeielewa sababu na nimeikubali. Lakini usiku ule sikuhitaji sababu, nilihitaji sentensi moja kwenye skrini ya kuniambia faili hili simu haitalifungua.

Na kabla hatujamaliza, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo kila kitu kikazimika na kurasa nane za programu ya mazishi zikiwa wazi. Dakika arobaini tulikaa gizani na tochi ya simu. Umeme uliporudi, LibreOffice ilifungua dirisha la kuuliza kama irudishe kazi. Nikakubali. Wasifu wa marehemu ulirudi wote isipokuwa mistari mitatu ya mwisho. Kwa kawaida hutunza nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi. Mimi nilikwisha kuishusha iwe mbili, na nakusihi ufanye hivyo leo hii kabla hujachapa kitu kingine. Saa sita kasoro walitoka na nakala 150.

Printa bado ni kidonda. Ile ya wino ilitambuliwa na Mint yenyewe nilipochomeka waya, skana yake pia. Ile ya leza ya bei nafuu, ambayo ndiyo ya kazi nyingi, fundi aliihangaikia siku mbili ikashindikana. Uliza hilo kabla ya mengine yote: mwambie fundi aje na flashi, awashe Mint bila kuisakinisha, aprinti ukurasa mmoja kwenye printa yako. Ukurasa ukitoka, endelea. Usipotoka, ama ubaki na mashine moja ya Windows kwa kuprintia, kama nilivyofanya mimi, ama ungoje hadi ununue printa nyingine.

Kwa kuchapa, barua, mitihani na PDF, sirudi nyuma. Kwa picha, GIMP nimeiweka kwa kazi za kuponya picha za zamani, na maumbo na mabango nayafanya kwa Inkscape, programu nyingine huria ya kuchora, ambako duara ni zana unayoiona siku ya kwanza. Yule binti nimempa kazi ya kuandika kwenye daftari kila kitu tulichokigundua kimefichwa: kuhifadhi kwa Word, vichupo, dakika mbili, Kiswahili chini ya dirisha, kusafirisha JPG. Amefika ukurasa wa sita. Jirani yangu wa hatua kumi amekuja juzi kuomba kunakili daftari hilo, nikampa.